Kuchokoa Chaza Bila Kuua Mwamba: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Pwani

Chaza hahami. Akishajibandika kwenye jiwe, kwenye mzizi wa mkoko au juu ya gamba la mwenzake, hapo ndipo atakapokulia, atakapozalia na atakapofia. Kwa hiyo anayemng'oa pamoja na pale alipokaa anaondoka na vitu viwili kwa mpigo: kitoweo cha leo na makazi ya chaza wa mwakani. Mazungumzo mengi kuhusu uvunaji huishia kwenye idadi ya ndoo. Idadi ina uzito wake, lakini mimi naamini swali la kwanza ni jinsi chaza anavyotolewa, maana kitanda cha chaza, yaani eneo wanapoota kwa wingi, kilichovunwa sana kwa mikono mizuri hurudi, na kilichovunwa kidogo kwa panga na mtalimbo huenda kisirudi kabisa.

Mwongozo huu ni wa wachokoaji wenyewe, ambao kwenye pwani yetu wengi ni kina mama, na wa kamati zinazosimamia bahari kijijini, yaani BMU (Beach Management Units) kwa Tanzania Bara na Kenya, na kamati za wavuvi za shehia kwa Zanzibar.

Hatua ya 1: Kifahamu kitanda kabla hujakigusa

Chaza humwaga mbegu na mayai majini. Viluwiluwi vyake huelea na mkondo kwa wiki mbili au tatu, kisha huanza kutafuta kitu kigumu cha kujishika. Vinachokipenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwingine, awe hai au mfu. Ndivyo kizazi kinavyojengwa juu ya kizazi mpaka pakawa na mwamba mzima wa magamba. Katika mianya yake huishi kaa, kamba wadogo, minyoo, konokono na samaki wachanga wanaojificha wasiliwe. Chaza naye hula kwa kuchuja maji: chaza mkubwa mmoja wa Marekani, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku.

Chaza tunayemchokoa sana Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Saccostrea cucullata, hajengi vilima vikubwa kama vya Marekani. Yeye hutanda kwa ukanda kwenye majabali na mizizi ya mikoko, katikati ya mstari wa maji kupwa na mstari wa maji kujaa. Hata hivyo kanuni ni ileile: bila kitu kigumu na kisafi cha kujishika, viluwiluwi hufa majini hata kama vilizaliwa kwa mamilioni.

Jambo jingine la kuweka akilini ni kwamba chaza wengi huanza maisha wakiwa madume, na wanapokua wengi wao hugeuka majike. Wale wakubwa unaowatamani kwa unono wao ndio waliobeba mayai. Kitanda kinachochokolewa wakubwa wote kila bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, hubaki na madume wachanga watupu.

Hatua ya 2: Jua kila njia inaacha nini nyuma yake

Mfano unaojulikana sana ni Ghuba ya Chesapeake, katika majimbo ya Maryland na Virginia nchini Marekani. Zama za ukoloni miamba ya chaza huko ilikuwa mirefu kiasi cha kuwatia mabaharia hofu ya kukwama. Mwaka 1865 Maryland iliruhusu kokoro la chuma: fremu nzito yenye meno mbele na mfuko wa minyororo nyuma, inayoburutwa sakafuni mwa bahari na mashua. Katikati ya miaka ya 1880 mavuno ya Maryland yalifika kileleni, takriban busheli (kipimo cha ujazo) milioni 15 kwa msimu mmoja, kisha yakaanza kuporomoka. Leo chaza wa ghuba ile wanakadiriwa kuwa kama asilimia 1 tu ya walivyokuwa. Maradhi ya chaza yaliingia baadaye, katikati ya karne ya 20, yakaongeza pigo. Lakini mwaka 1994 watafiti wakiongozwa na Brian Rothschild walionyesha kwamba mzizi wa anguko lile ni karne nzima ya kuvua kupita kiasi na kubomoa makazi yenyewe.

Kokoro halichagui. Linabeba chaza hai, gamba tupu na chaza wachanga waliojishika juu yake, na linaposawazisha mwamba linautumbukiza kwenye tope na maji mazito ya chini ambayo wakati wa joto huishiwa hewa. Urefu ndio uhai wa mwamba wa chaza: aliye juu hupata maji yanayotembea, chakula na hewa, aliye chini hufukiwa.

Huko North Carolina, watafiti Hunter Lenihan na Charles Peterson walilinganisha njia tatu na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Kokoro lilipunguza urefu wa mwamba kwa asilimia 34. Koleo ndefu za mikono, ambazo mvuvi huzishusha akiwa juu ya mashua na kukomba nazo, zilipunguza kwa asilimia 23. Mzamiaji aliyeokota kwa mkono alipunguza kwa asilimia 6 tu. Na kwa kila saa ya kazi, mzamiaji alitoa chaza wengi zaidi, kati ya asilimia 25 na 32 kuliko wale wa kokoro na koleo, ingawa kazi yake ilihitaji watu wawili badala ya mmoja. Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwenye kila mkutano wa kijiji, kwa sababu zinavunja ile dhana kwamba kuutunza mwamba lazima kumpunguzie mtu riziki.

Sisi hatuna makokoro ya chaza. Tuna vitendo vyetu vinavyofanya kazi ileile. Cha kwanza ni kukata mzizi wa mkoko kwa panga na kuondoka nao ukiwa na chaza wake. Cha pili ni kuvunja jabali kwa nyundo kubwa au mtalimbo ili kung'oa kichane kizima. Cha tatu ni kugeuza mawe na kuyaacha migongo chini, jua likaua sponji, mayai na viumbe vyote vya kivulini. Kisha kuna kukanyaga matumbawe hai tukikatiza njia, na kubeba magamba yote hadi nyumbani yakaishia jalalani. Hiki cha mwisho kinaonekana kidogo, nacho ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote.

Hatua ya 3: Pimeni kitanda

Usimamizi bila kipimo huishia kwenye mabishano. Tengenezeni fremu ya mbao ya mraba, sentimita 50 kwa 50. Chagueni siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, na muiweke fremu sehemu 10 kwenye kila kitanda bila kuchagua palipojaa. Mkichagua palipojaa mtajidanganya wenyewe.

Ndani ya fremu hesabuni chaza hai, magamba matupu yaliyobaki yamejishika, na watoto wa chini ya sentimita 2. Pimeni pia urefu wa chaza hai kutoka bawabani hadi ukingo wa mdomo. Andikeni tarehe, jina la mahali na majina ya waliopima. Kwa mikoko hesabuni mizizi: mingapi ina chaza, mingapi imekatwa.

Watoto ndio habari kubwa. Kitanda chenye wakubwa wengi bila watoto kinaishi kwa akiba ya zamani. Chenye watoto tele na wakubwa wachache kinachokolewa mno lakini bado kina matumaini. Kama hakuna watoto wala magamba ya kujishika, msikivune. Rukeni hadi hatua ya mwisho.

Hatua ya 4: Andaeni zana ndogo

Kadiri zana inavyokuwa kubwa ndivyo inavyobomoa. Mnahitaji nyundo ndogo yenye ncha upande mmoja, patasi nyembamba, kisu kifupi kinene chenye ncha butu, glovu nzito, viatu vya soli ngumu, ndoo yenye mfuniko, na kijiti kilichowekwa alama ya urefu mdogo unaoruhusiwa. Panga libaki nyumbani. Likija, litatumika.

Kuhusu huo urefu, kila kikundi kiamue kwa vipimo vyake vya hatua ya 3. Kwa chaza wetu wa majabali, sentimita 5 ni mwanzo wenye busara. Huko Chesapeake, ambako chaza ni wakubwa zaidi, sheria ni inchi 3, karibu sentimita 7.6. Wekeni pia mpaka wa juu: katika kila eneo la ukubwa wa mkeka acheni majike makubwa matatu au manne bila kuguswa.

Hatua ya 5: Kuchokoa juu ya jabali

Chaza wa jabali ana magamba mawili. La chini limeganda kwenye mwamba. La juu hufunguka. Wachokoaji wengi wazoefu wa pwani yetu humfungulia chaza palepale, na njia hiyo ndiyo ninayoiunga mkono kwa nguvu zote.

Ifanyeni hivi. Weka kijiti chako. Akiwa mdogo, mwache. Akitosha, gonga ukingo wa gamba la juu kwa ncha ya nyundo, pigo moja au mawili mafupi karibu na mdomo, mpaka upenyo utokee. Ingiza kisu kikiwa kimelala, ukikisukuma sambamba na gamba la juu, ukate msuli unaoshikilia magamba. Utausikia unaachia ghafla. Gamba la juu litainuka. Pitisha kisu chini ya nyama, ikate pale iliposhika gamba la chini, itie ndooni. Gamba la chini linabaki limeganda kwenye jabali, jeupe ndani na safi, na hapo ndipo kiluwiluwi cha msimu ujao kitakapotua. La juu liangushe palepale kwenye mwanya wa mwamba, si mchangani ambako litafukiwa.

Kama mnunuzi anataka chaza mzima na gamba lake, tumieni patasi kwenye mshono kati ya gamba na jiwe, mpige kwa upande, kamwe si kwa kushuka chini. Jiwe likianza kumeguka, acheni chaza huyo. Kikitoka kichane cha watatu au wanne, mbanduweni anayefaa, na wadogo pamoja na magamba yaliyokufa warudi walikotoka, wakibanwa kwenye ufa ili wimbi lisiwabingirishe. Bei ya chaza mzima iwe kubwa zaidi ya nyama tupu, maana kila chaza mzima anaondoka na nafasi ya mwingine.

Msigeuze mawe bila sababu. Mkigeuza, yarudisheni yalivyokuwa, upande wa juu juu. Na njia ya kuingia mwambani iwe moja, kwenye mchanga au jiwe tupu, watu wote wapite hapo.

Angalizo la afya: kwa kuwa chaza huchuja maji, hukusanya na vijidudu vya maji machafu. Msichokoe karibu na mabomba ya majitaka, bandari au mito inayopita mjini, wala bahari inapobadilika rangi isivyo kawaida. Nyama ikae kivulini, na ipikwe hadi iive sawasawa.

Hatua ya 6: Kuchokoa kwenye mikoko

Mkoko wenye mizizi mirefu ya kuegemea hupumua kwa matundu madogo yaliyo kwenye gome la mizizi hiyo, na huitumia kusimama topeni. Ukiukata mzizi mmoja kwa ajili ya chaza kumi, mti hupoteza pumzi na mguu, samaki wachanga hupoteza maficho, na hao chaza kumi hawatapata warithi kwa sababu pale palipokuwa na kitu kigumu pamebaki maji. Ukikata mingi kwenye mti mmoja, siku ya dhoruba mti huo hulala. Isitoshe, Tanzania na Kenya mikoko ni misitu inayolindwa kisheria, na kuikata bila kibali ni kosa.

Shika mzizi kwa mkono wenye glovu juu ya kichane cha chaza ili usitikisike. Ingiza kisu kinene kati ya gamba na gome, sukuma kwa kuzungusha kifundo cha mkono, usikate kama unayechanja kuni. Gome likichubuka mpaka utomvu uonekane, umeingia ndani mno. Vilevile waweza kumfungulia chaza palepale kama wa jabali, gamba la chini likabaki mzizini. Kwenye mizizi myembamba njia hii ndiyo salama zaidi. Acha theluthi ya chaza kwenye kila mzizi, hasa wale wa chini ambao hukaa majini muda mrefu.

Wanaodhani mazoea ya panga hayabadiliki waitazame Gambia. Kwenye mikoko ya Tanbi, karibu na Banjul, kina mama wachokoaji walianzisha mwaka 2007 chama chao, TRY Oyster Women's Association. Waliacha kukata mizizi, wakakubaliana kufunga uvunaji sehemu kubwa ya mwaka na kuufungua kati ya Machi na Juni, wakapanda mikoko upya. Mwaka 2012 serikali iliwakabidhi haki ya kipekee ya kusimamia chaza wa eneo lile, na mwaka huohuo wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jambo lililowapa nguvu ni hiyo haki: anayejiepusha leo anajua kwamba mwingine hatakuja kesho na panga kuvuna alichokiacha.

Hatua ya 7: Rudisheni magamba

Wekeni pipa au kiroba cha magamba kwenye kila mahali panapofunguliwa chaza: nyumbani, sokoni, na kwenye hoteli mnazoziuzia. Hoteli hazina kazi na magamba. Ombeni yarudi kwa gari lilelile linalochukua mzigo. Yanayotoka kitanda chenu wenyewe na kufunguliwa siku ileile yanaweza kurudi mara moja. Yanayotoka kwingine yaanikwe juani angalau miezi sita, ili maradhi na wadudu wa ugenini wafe kabla ya kuingia baharini kwenu.

Msiyamwage ovyo. Magamba yaliyotupwa kwenye tope huzama yakapotea. Yarudisheni mahali ambapo chaza waliwahi kuota, juu ya jiwe au changarawe, katika urefu uleule wa maji.

Hatua ya 8: Pumzisheni kwa zamu

Gaweni eneo lenu sehemu nne. Vuneni moja au mbili kwa wakati, nyingine zipumzike, na moja isiguswe kamwe iwe ya mbegu. Hili si geni kwetu: vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi na kuifungua kwa siku maalumu, utaratibu uliopata umaarufu tangu Andavadoaka, Madagaska, walipofunga mwamba wao mwaka 2004. Tofauti ni kwamba pweza hukua haraka sana. Chaza anahitaji subira zaidi, kwa hiyo kufunga miezi mitatu hakutoshi. Anzeni na mwaka.

Kufunga wakati wa kuzaa kuna faida kubwa, na majira hayo hutofautiana toka hori hadi hori kulingana na mvua na joto la maji. Jichunguzieni. Kila bamvua fungueni chaza wachache wakubwa. Akikaribia kuzaa, nyama huwa nono na nyeupe, na ukiikwaruza kwa ncha ya kisu hutoka uji mweupe kama maziwa. Akishazaa husinyaa, nyama ikawa nyembamba na ya majimaji hata ukaona utumbo mweusi kwa ndani. Mwezi ambao wengi wana maziwa, fungeni. Mnunuzi atalalamika kwa sababu huo ndio wakati wa unono. Mwelezeni sababu, na msilegeze.

Hatua ya 9: Daftari na doria

Kila siku ya kuvuna iandikwe: sehemu gani, watu wangapi, saa ngapi za kazi, kilo ngapi za nyama. Kilo kwa kila saa ya kazi ndicho kipimo chenye kusema kweli. Jumla ya ndoo inaweza kubaki ileile kwa sababu tu watu wameongezeka au wanakaa muda mrefu zaidi, huku kitanda kinakwisha. Kilo kwa saa zikishuka bamvua tatu mfululizo kwenye sehemu moja, ifungeni bila kungoja mkutano mkuu. Rudieni vipimo vya fremu kila baada ya miezi sita, sehemu zilezile.

Kanuni zenu zipelekwe BMU au kamati ya shehia zikaingizwe kwenye sheria ndogo. Kanuni ya mdomo haimzuii mgeni.

Hatua ya 10: Kitanda kilichokufa

Kama hakuna watoto, tafuteni kwanza kilichopungua. Palipo na magamba na mawe safi lakini hapana watoto, shida ni mbegu: wazazi wamekwisha, na dawa ni kufunga eneo lote la jirani na kuhamishia chaza wakubwa wachache wakae karibukaribu, kwa sababu mbegu na mayai vikimwagwa mbalimbali havikutani. Palipo na viluwiluwi lakini hapana pa kutua, tungeni magamba au vifuu vya nazi kwenye kamba na mvining'inize kwenye nguzo katikati ya mstari wa kupwa na kujaa. Vitundikwe majira chaza wanapozaa, si mapema zaidi, la sivyo mwani na tope vitavifunika kabla viluwiluwi havijafika. Watoto wakifika sentimita 2, kamba zilazwe juu ya jabali na kufungwa, au zihamishiwe shambani mkafuge.

Ufugaji nao una sharti lake. Fumba, Unguja, kina mama wamejifunza kutengeneza nusu lulu (lulu za umbo la nusu duara zinazoota ndani ya gamba) kwa kutumia chaza wa lulu, wakisaidiwa na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na sambamba na kazi hiyo yakatengwa maeneo ya bahari yasiyovuliwa ili wazazi wa chaza wabaki. Bila maeneo kama hayo, shamba la chaza hugeuka mlango mwingine wa kumaliza chaza wa porini, kwa kuwa kila anayetiwa kwenye kamba ametoka mwambani. Kabla ya kupokea mradi wowote wa ufugaji, ulizeni mbegu itatoka wapi. Jibu likiwa ni kuokota wakubwa, ombeni fedha za mwanzo ziende kwenye kamba za kunasia watoto, na shamba lingoje mpaka kamba hizo zijae.